Wenye Kuuliza Habari za Kiwanja cha Ndege

Bwana yangu Habineza hataji jina lake mbele ya mutu asiyemujua. Wakati wa vita yeye na yaya yake Viateur, ndugu yake mukubwa, walikuwa wakijaza mashimo kwa mawe ya volkano kwenye kiwanja cha ndege cha askari, kule karibu na mupaka. Siku moja askari walimwambia Viateur apandishe masanduku ndani ya ndege. Mulango ulifungwa naye akiwa ndani, ndege ikaruka. Ni zaidi ya miaka makumi mbili sasa. Kiwanja kiliachwa, mbuzi wanakula majani pale, lakini Habineza hajaacha kumutafuta yaya yake.

Anamutafuta namna gani, mutu mwenye kujificha? Hata miye namucheka. Ila sababu ninaijua. Mwenzake mumoja wa kazi alieleza wageni zile ndege zilileta nini, na juma lile lile akakamatwa. Mudomo uliponza kichwa. Ndiyo maana hapa Keshero mugeni akiuliza mwanaume wa nyumba, bibi yake anajibu kwanza: amesafiri.

Jumanne akafika binti mumoja, viatu safi, anauliza nani walifanya kazi kwenye kile kiwanja. Nikamwangalia toka kichwa mupaka miguu. Wa ofisi za mashirika kule Himbi huyu, ao wa usalama?

"Namutafuta papa Habineza," akasema.

Nikawaza: Nikisema amesafiri, huyu atarudi kesho.

"Alikufa," nikamujibu. "Siku nyingi."

Binti akakaa chini, pale pale kwenye mawe, akapiga telefone. "Papa Viateur, ni Umuhoza. Wanasema mudogo wako alikufa." Ndani ya telefone papa yake, muzee Viateur, akaanza kulia, akiita mama yake.

Habineza alikuwa amejificha jikoni. Akatoka mbio, akamunyang'anya binti telefone. "Yaya, ni miye. Niko muzima."

Halafu muzee akasema polepole: "Mumesema amekufa. Sasa anaongea? Nyinyi ni nani? Mutoto wangu mumemufanya nini?"

Akakata. Umuhoza akapiga tena, na tena. Telefone ya muzee ilikuwa imezimwa.

Jana jirani ya Viateur alimwambia Umuhoza kwamba muzee amefunga vitu vyake na kuhama, hakuaga mutu. Habineza haongei na miye, na ana haki. Naona haya hata kumupelekea chakula.