Kaisari wa Kati Hakuwa na Sauti

Mimi nilizaliwa na sauti kubwa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mama yangu anauza dagaa wa omena sokoni Keroka, mbali na ziwa letu, na akiita wateja hata madereva wa malori hugeuza shingo. Nikairithi sauti hiyo, nikaipeleka darasani, katika shule moja ya kutwa karibu na Sironga ambako nafundisha historia. Nikifundisha vita, hata wapishi jikoni walijua nani ameshinda.

Kisha sauti ikaondoka. Ilianza kwa kukwaruza, ikawa kama redio ambayo betri zake zinakwisha, na asubuhi moja nikafungua mdomo kuwasalimu Kidato cha Tatu pakatoka hewa tupu. Daktari wa koo mjini Kisii alinipitisha kamera puani, akanionyesha kwenye skrini vinundu vilivyoota kwenye nyuzi za sauti.

"Hii ni ugonjwa ya walimu na wahubiri," akaniambia. "Unyamaze mpaka nikuambie. Na usinong'one, kunong'ona ndio mbaya zaidi."

Nililia nikirudi nyumbani, na hata kilio chenyewe kilikuwa bubu. Niliona aibu, nikaona na hasira. Kwani Mungu hakuona watu wangapi wanaotumia sauti zao kusengenya, akaja kuichukua ya mwalimu?

Katika sehemu hizi salamu si jambo la kuruka. Ukikutana na mtu asubuhi unamwuliza alivyoamka, nyumbani kukoje, watoto wakoje, na majani chai yamechumwa au bado. Mimi mgeni wa kutoka ziwani nilijifunza salamu za lugha ya Ekegusii kabla ya kujua bei ya ndizi, na ndizo zilizofanya nihesabiwe mtu wa hapa. Sasa nikawa napita nikipunga mkono na kutabasamu tu. Haikupita siku ya pili, nikamsikia mama mwenye nyumba akimwuliza jirani pale kwenye tangi la maji, "Huyu mwalimu ameandikwa na serikali nini? Siku hizi hasalimii watu."

Laiti angejua. Sikuwa nimeandikwa na serikali. Nilikuwa mwalimu wa bodi ya shule, anayeajiriwa muhula kwa muhula, na hata huo muhula wenyewe ulikuwa unaniponyoka. Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu.

"Pole sana, Madam," akasema. "Lakini mwalimu bila sauti ni jembe bila mpini. Kuna msichana amemaliza chuo, anaweza kuanza wiki ijayo. Wewe nenda upone kwanza."

Nililijua hilo neno. Mwalimu wa bodi akienda kupona, akirudi anakuta kiti kina mwenyewe. Nikachukua kalamu juu ya meza yake, nikaandika: Nipe kipindi kimoja, ukae nyuma uone. Akasoma, akakuna kidevu, akatazama dirishani.

"Ijumaa," akasema. "Kidato cha Tatu. Nikiona wanasoma, utabaki."

Tulikuwa tumefika pale Wajerumani wanapoingia Afrika Mashariki. Nilitafuta somo ambalo ningeweza kulifundisha bila kufungua mdomo, nikapekua vitabu vyangu mpaka chai ikapoa. Ndipo nikakutana na mwaka 1888. Vitabu vya shule huutaja kwa sababu ya pwani, kwa kuwa ndio mwaka watu wa Pangani walipoinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Lakini huko kwao Ujerumani kulikuwa na kisa kingine.

Mwaka huo mmoja walikuwa na makaisari watatu: babu, baba na mwana. Babu alikufa Machi akiwa na miaka tisini. Baba akashika kiti huku ana kansa ya koo. Madaktari walikuwa wamemtoboa shingo ili apate kupumua, na sauti ikawa imekwisha kabisa. Alitawala siku tisini na tisa akiandika maneno yake kwenye vipande vya karatasi. Juni akafa, na mwanawe akaingia, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyependa hotuba kuliko mlevi anavyopenda chang'aa.

Nilisimama nikazunguka chumba. Miaka yote hiyo niliamini historia ni mali ya watu wenye kelele kama mimi, na kumbe kulikuwa na himaya nzima iliyowahi kusubiri mtu amalize kuandika.

Ijumaa nikapanga viti vitatu mbele ya darasa. Ubaoni nikaandika: 1888, nyumba moja, viti vitatu, na chini yake: Kiswahili ruhusa. Somo letu huwa la Kiingereza, na Kiingereza huwafanya nusu ya darasa wainamishe vichwa. Nikawagawia karatasi moja yenye kisa chote, wakaisoma kimya. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma, miguu yake mirefu imebanwa chini ya dawati.

Kiti cha babu nikampa mvulana mvivu kuliko wote. Aliambiwa afe, akafa kwa bidii mpaka kiti kikaanguka. Kiti cha mwana nikampa msichana ambaye kila muhula huandikwa jina kwa kupiga kelele. Cha katikati nikakikalia mwenyewe, kalamu mkononi. Darasa zima wakawa mawaziri. Waulize, niandike, na aliye karibu nami asome kwa sauti.

"Kaisari, mbona hutuambii kitu?"

Nikaandika: Koo limekataa. Uliza tena, kwa akili zaidi.

Wakacheka, na kicheko kikawafungua. Maswali yakaanza kumiminika.

"Chansela wako, huyo waziri mkuu, anakusikiza kweli?"

Nikaandika: Ananisubiri nife.

"Na huyu mtoto yako atatawala aje?"

Nikaandika: Muulizeni yeye.

Yule msichana wa kiti cha mwana akaruka akasimama. "Mimi nitajenga manowari mob kuliko za Waingereza! Nitahutubia kila siku! Na huyo chansela mzee ataenda nyumbani!" Akaendelea, akaendelea, mpaka sauti moja ikasema kutoka pembeni, "Debe tupu," na nusu ya darasa wakamalizia, "haliachi kuvuma."

"Lakini ngojeni," mvulana mwingine akasema, akiwa ameshaacha kucheka. "Si huyu ndiye alikuwa kaisari wakati wa vita ya kwanza ya dunia? Wajerumani walitoka Tanganyika wakaingia hapa Kisii. Nyanya yangu aliambiwa na mamake, watu walikimbiza ng'ombe mlimani."

Hilo sikuwa nimeliandika popote. Walikuwa wametoka Berlin wakafika nyumbani kwao bila mimi kuwashika mkono, na sasa walikuwa wanabishana kama baba angeishi, je, ng'ombe wale wangekimbizwa. Mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema mtu mmoja hazuii vita. Nikaona fahari imenijaa mpaka macho yakaniwasha.

Mwalimu mkuu akakohoa. Nadhani alikuwa amesahau kilichomleta. "Na huyu wa kati?" akauliza. "Siku tisini na tisa bila sauti. Alifanya nini hasa?"

Nikainua kalamu, lakini sikuwahi. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye hajajibu swali tangu Kidato cha Kwanza, alisimama.

"Alifuta kazi waziri wa mambo ya ndani, Mwalimu," akasema. "Karibu tu na kufa kwake. Hakuwa na sauti, lakini alimfuta."

Darasa likageuka lote kumtazama mwalimu mkuu. Naye akaangua kicheko, akavua miwani akapangusa macho. Nilitaka kupiga kigelegele. Daktari alikataza kunong'ona, kigelegele hakukitaja, lakini nilijizuia.

Mlangoni mwalimu mkuu aliniambia, "Yule wa chuo nitamwambia atafute shule nyingine." Akafikiri kidogo. "Na Kidato cha Nne pia uchukue." Nilimshika mkono nikautikisa mpaka akaomba arudishiwe.

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama mwenye nyumba alinisimamisha langoni, akaniuliza nilivyoshinda, akajibu kwa niaba yangu kwamba nimeshinda vizuri, akauliza habari za mama yangu Keroka, akajijibu pia kwamba hajambo.

Daktari aliponiruhusu kusema, sikumwambia mtu. Nilitaka Kidato cha Tatu ndio wapate neno la kwanza. Nikapanda ngazi, kifua kimejaa, nikasukuma mlango, nikavuta pumzi. Yule msichana wa dirishani alikuwa mbele ya ubao, chaki mkononi, wenzake wanampinga na yeye anawapinga. Hakunitazama hata. Aliinua kiganja tu kuelekea kwangu.

"Madam, ngoja kidogo. Bado sijamaliza."

Nikaenda nyuma nikakaa, nikanyoosha mkono kama wengine, na sikupewa nafasi mpaka kengele ikalia.