Alivyokufa Mpiga Picha

Kwetu magharibi mwa Kenya, marehemu hazikwi kabla ya aliyekuwa naye mwisho kusimama na kueleza alivyokufa. Hata sisi tuliohamia Nairobi hatujaiacha hiyo. Kwa hivyo kila mtu alijua kwamba kabla ya mwili wa mpiga picha kusafirishwa nyumbani, mimi nitasimama kanisani Mountain View niseme. Nilikuwa dereva wake huko vitani, nchi jirani. Tulikuwa wawili garini, nikatoka peke yangu.

Siku moja kabla ya ibada, mkubwa wetu wa televisheni alinipeleka chai mkahawani Adams Arcade. Mkono wangu ulikuwa bado na bendeji, akanikorogea sukari mwenyewe. Akasema vita ni vita, mama wa watu asiongezewe uchungu. "Sema tu mlinaswa katikati ya risasi. Jeshi la huko likitufungia mpaka, tutaripoti nini?" Nikamwambia yeye huo mpaka hajawahi kuuvuka. Akacheka kidogo, akaagiza mandazi.

Shule niliishia darasa la sita, sheria za vita sizijui. Najua tu tulivyofanya kazi. Kila asubuhi, kabla sijawasha gari, mpiga picha alimpigia simu afisa wa jeshi la nchi ile, akamwambia tunapita barabara gani na gari ni la rangi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu. Juu ya paa tulibandika herufi TV kwa selotepu nyeupe, kila moja ndefu kama mtu aliyelala. Asubuhi ile afisa alijibu tupite. Akamtania hata, kwamba akipigwa picha atoke mwembamba.

Barabara ilikuwa tupu. Helikopta ikaja, ikazunguka mara mbili, chini kabisa, nikaona kofia ya rubani. Mpiga picha akatoa mkono dirishani, akampungia. Iliporudi ikatupiga. Jioni msemaji wao akatangaza kwamba tulibeba wapiganaji. Tulibeba maji na tairi la spea.

Sisemi askari asipige. Anayeshambuliwa atajibu, na risasi itampata asiyehusika. Hiyo nimeiona huko, nikaielewa. Lakini sisi tulimshambulia nani, hata tujibiwe? Majina siandiki, nina watoto. Vyeo naandika: afisa aliyesema tupite, rubani aliyetuona, kamanda aliyetoa amri, msemaji aliyedanganya. Na huyo mkubwa wa mandazi, ambaye alitaka mdomo wangu umalizie kazi yao.

Kanisani alikaa safu ya mbele, karibu na shada lake la maua. Nilisimama, nikasalimia watu. Mama wa marehemu hakunisubiri.

"Mwanangu, hao watu walijua ni nyinyi?"

"Walijua, Mama. Aliwaambia mwenyewe asubuhi."

"Na yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anawapungia mkono."

Mkubwa aliangalia simu yake, kisha akatoka kama mtu aliyepigiwa. Mama hakulia. Alivua leso begani, akaitandaza juu ya jeneza, akasema mimi nitapanda gari la maiti pamoja naye, maana nyumbani kuna wazee ambao hawajasikia, na nitawaambia vilevile, nisipunguze.

Nikapanda. Kazi nilifutwa kwa simu, kabla hatujafika Nakuru.