Kumbe Nakaa kwa Mama Nasma

Rosina Kinunda, mshona nguo wa Mbinga mjini, hakujua kwamba choo cha ndani kinahitaji kibali. Nyumba ni yake, ukuta ni wake, mgonjwa ni mume wake. Joakim alipigwa kiharusi akichuma kahawa kwao Maguu; upande wa kulia ukafa, na maneno yakawa yanatoka kwa taabu. Choo kilikuwa nje, nyuma ya migomba, na mvua ikinyesha njia ile huteleza kama sabuni. Alianguka mara mbili. Mara ya pili Rosina alimkuta amekaa kwenye tope, analia kimyakimya. Wiki hiyohiyo akamwita fundi Stephano.

Stephano alichimba msingi nyuma ya chumba cha kulala, akapandisha tofali kozi nne. Ndipo akaja ofisa wa halmashauri, kijana aitwaye Henry, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI.

"Shikamoo mama," alisema alipomaliza kuandika.

"Marahaba. Mwanangu, mimi sijengi nyumba. Najenga choo."

"Ni kuongeza jengo, mama. Lazima upate kibali. Lete ramani, barua ya kiwanja, na fomu iliyogongwa muhuri na mtendaji wa mtaa."

Rosina akaanza kwa mtendaji. Mtendaji akamwambia atangulize ramani. Mchora ramani akataka namba ya kiwanja. Akarudi nyumbani, akatoa sandukuni barua ya mwaka 2006: kiwanja namba 42, Joakim Kinunda. Kila mlango alioingia aliambiwa jambo la maana, ila la mlango huu halikufanana na la mlango ule. Akawa anayaandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja, hata siku moja akamkatia mwalimu Beata gauni fupi mno, kwa kuwa alisoma upana wa choo akidhani ni urefu wa gauni.

Hatimaye Henry alikuja kukagua. Alisimama uani, akatazama ramani ya mji, akatazama nyumba, akaigeuza ramani.

"Mama, hapa ni namba 41."

"Barua yangu inasema 42."

"Namba 42 ni pale." Alionyesha nyumba ya jirani, iliyotazama barabara. "Hapa unapoishi ni kwa Omary Shabani."

Omary, aliyekuja kutoka Lipingo na biashara ya dagaa, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Mjane wake Adija, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nasma, alikuwa dukani mwake, mbele ya nyumba ile, akipima sukari.

"Mama Nasma," Rosina alisema, "eti mimi nakaa kwako."

"Kwangu wapi?"

"Na wewe unakaa kwangu."

Adija aliweka kijiko chini. Akaingia ndani, akatoka na barua yake. Namba 41. Akamgeukia Rosina.

"Unataka duka langu?"

"Mimi nataka choo."

Kwa siku nne walisalimiana kwa mkato, wao waliokuwa wakiombana chumvi. Jumapili Rosina alikaa kanisani asisikie hata neno moja la mahubiri. Kama pale si kwake, ile migomba alimpandia nani?

Siku ya tano Adija alibisha hodi, barua mkononi. "Nimekuja kwa mumeo, Baba Hilda. Yeye na marehemu walikuwa kama ndugu, huenda anajua."

Joakim aliitazama ile barua, akaanza kucheka. Tangu augue hakuwahi kucheka.

"Tuli... badilishana," alisema.

Wakamsubiri. Kidogo kidogo ikatoka: Omary alitaka kukaa barabarani afungue duka, yeye alitaka nyuma, kwenye unyevu, apande migomba. Walipeana mikono kabla ya kujenga.

"Mkaandika?" Rosina aliuliza.

Joakim akatikisa kichwa kukataa.

"Na mbona hukuniambia?"

Alifikiri sana. "Nilidhani... nilikuambia."

Adija akakaa mkekani, akaficha uso kwa khanga. Rosina hakujua kama analia au anacheka, mpaka naye akajikuta anafanya vyote viwili.

Henry aliwaeleza kwamba inawezekana kurekebisha, kwa mkataba, mashahidi na karatasi za mirathi ya Omary. Miezi minne wanawake wale wawili walikwenda ofisini pamoja. Rosina akijaza fomu aliandika 42, Adija akamgonga kwa kiwiko. Adija naye akaandika 41, wakaomba fomu nyingine. Joakim alitia dole gumba. Kibali kikatoka Juni, Rosina akakisoma mara tatu, na mara zote tatu aliona kama ni cha mtu mwingine.

Choo kilipokamilika, Joakim aliingia mwenyewe, akishika bomba lililofungwa ukutani, akasukuma mlango ukajifunga. Rosina alibaki amesimama nje, asijue amsubiri au aondoke. Kisha akaenda kushona.