Seli Waliyomwitia Milembe

Nakumbuka mchana mmoja simu ya baba ililia tukiwa uani kwetu Shanwe, mjini Mpanda, tunapukuchua mahindi, na mpaka leo, mwanangu, nikisikia mlio kama ule kwenye simu ya mtu hasira inanipanda. Nilikuwa kidato cha tatu. Mdogo wangu Milembe alikuwa chekechea, mtoto wa kulalamika miguu, mgongo, vidole, nasi tukawa tunasema anadeka. Kabla ya hapo watu wa utafiti kutoka chuo kikuu walipita shuleni kwao, wakawatoa watoto damu, wakachukua na namba za wazazi. Walisema majibu yatakuja kwa simu. Sawa. Yakaja.

Baba aliweka sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja ni zito, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Kijana wa upande wa pili alikuwa na haraka. Bila kujitaja wala kutaja hospitali, alisema kuna suala la seli la mtoto wako, aletwe kesho asubuhi, asikose, tunamsubiri. Baba akauliza, "Kwani kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, mzee. Amerithi kwenu wazazi."

Baba akakata simu.

Ngoja nikueleze babu yako alikuwa mtu gani, usije ukamcheka. Alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga akiwa kijana. Mwaka uliotangulia ng'ombe wake waliingia hifadhini, askari wakamkamata, akalala mahabusu kwenye sakafu ya saruji, na kesi ilikuwa bado haijaisha. Kwake seli ilikuwa kitu kimoja tu. Sasa anapigiwa simu na mtu asiyemjua, anaambiwa mwanao aletwe kwa mambo ya seli, hana kosa ila amerithi kwa wazazi wake. We ungeelewaje? Baba alielewa kwamba wakimkosa yeye watamchukua mtoto.

Akatoa laini kwenye simu, akaitia mfukoni. Kesho yake, saa ambayo, kumbe, Milembe alitakiwa awe hospitali, baba alikuwa amempakia kwenye pikipiki kwenda Kabungu, kwenye shamba letu, ambako mama alikuwa kwa ajili ya kilimo. Mimi aliniachia onyo: mtu akiuliza, mtoto yuko kwa bibi yake Shinyanga.

Na mimi hapo nilikuwa nasoma bayolojia. Nilikuwa nimeikariri seli kwa Kiingereza, maana yake, sehemu zake, mchoro wake na vishale, na nilikuwa napata vema. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba kile kitu kwa Kiswahili nacho kinaitwa seli. Kichwani kwangu vilikuwa vitu viwili visivyojuana. Kwa hiyo baba alipoogopa, na mimi niliogopa.

Mkuu wetu wa shule alikuwa mwanamke, Madam Perpetua, Mfipa, mwalimu wa fizikia. Alikuwa anasomea shahada ya pili huku anaongoza shule, na utafiti wake ulikuwa juu ya wanawake wanaoongoza shule. Walimu wa kiume walimwita Madam Utafiti, na siyo kwa kumsifu. Wale watu wa damu walipoikosa simu ya baba waliulizia, wakaambiwa Milembe ana dada sekondari, ndiyo wakampigia yeye. Akaniita ofisini akaniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nilimwambia ukweli kwamba baba amemficha kwa sababu polisi wanamtafuta.

"Polisi wanamtafuta mtoto wa chekechea?"

"Wamesema seli, Madam."

Alianza kucheka, halafu uso ukambadilika. Akakaa chini. Akanieleza polepole kwamba kuna ugonjwa wa damu unaitwa selimundu, kwamba ndani ya damu mna vijipande vidogo vya mviringo, ndivyo vinavyoitwa seli, na kwa Milembe vinapinda kama mundu wa kuvunia, vinakwama kwenye mishipa, ndiyo maana miguu inamuuma. Kwamba hadeki. Nililia pale pale ofisini.

Tulipanda bodaboda moja mpaka Kabungu. Baba alimpokea kwa heshima, akamtolea kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimelala seli. Naijua. Hakuna mtu anaitwa seli akapewe dawa." Madam akaanza upya, damu, mundu, mishipa. Baba akamuuliza mumewe yuko wapi. Akamuuliza shuleni hakuna mwanaume hata mmoja wa kutumwa kwa jambo zito namna hii. Kisha akanigeukia mimi, akaniita mama kwa kilugha chetu: "Mayu, rudi shule. Wamemtuma mwanamke kwa sababu wanajua siwezi kumfukuza."

Madam alikuwa na mdomo wa kujibu, naujua. Akaaga, tukapanda bodaboda. Njiani aliniambia kwamba kama mzee anataka mwanaume, atapewa mwanaume, mtoto apone kwanza. Akaenda kumbembeleza makamu wake, mtu aliyekuwa anakitaka kiti chake tangu siku ya kwanza. Makamu akasema kwenda porini kutafuta wagonjwa siyo kazi ya shule, na kama Madam ameshindwa kuongea na mzazi, basi uongozi umemshinda. Aliyasema hayo mbele ya walimu wengine, na wengine wakacheka. Madam akarudi kesho yake akamwomba tena. Na tena. Alipokubali, wiki ilikuwa imekwisha.

Makamu alipofika Kabungu, alichomwambia baba ni maneno yale yale ya Madam, mafupi zaidi na mabaya zaidi. Baba akainuka papo hapo kwenda kumbeba mtoto. Mama alikuwa ameshamshika mapajani, maumivu yalianza alfajiri, na macho yalikuwa ya njano kabisa. Milembe alifia kwenye barabara ya kuja Mpanda. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Miezi ilipita. Chuo kimoja mjini kikaandaa siku ya utafiti, Madam akaalikwa kuwasilisha wake, akanichukua niende naye. Kwanza aliongea mhadhiri wa fizikia ya kwanta. Alisema kuna chembe ndogo sana ambazo mpaka uzipime huwezi kusema ziko wapi. Watu walipiga makofi. Nilimfikiria Milembe, ambaye alipimwa, na kupimwa hakukumsaidia kitu.

Kisha akasimama kijana wa seli. Sauti yake niliitambua kabla sijamtazama. Alionyesha picha za damu iliyopinda, akasema kazi ilikwenda vizuri, isipokuwa watoto wachache walipotea kwenye ufuatiliaji. Walipotea. Ndivyo alivyosema, akapitisha ukurasa.

Zamu ya Madam ilipofika hakufungua karatasi zake. Alimuuliza yule kijana aliposema seli kwenye simu alidhani anaongea na nani.

"Ndilo jina lake la Kiswahili, Madam," akajibu.

"Mwenye simu alikuwa ametoka kulala kwenye seli nyingine, ya mahabusu. Na Milembe hakupotea, mwanangu. Amezikwa Kabungu, na njia ya kwenda naijua."

Halafu akawaambia kwamba utafiti wake juu ya wanawake wanaoongoza shule anaweza kuumaliza kwa sentensi moja: yeye mwenyewe alisema jambo la kweli, likasubiri wiki nzima mwanaume alirudie, na mtoto akafa ndani ya wiki hiyo. Akakaa. Makamu alikuwepo, akatazama viatu vyake. Mwenyekiti akatangaza chai. Watu wakaenda kunywa chai.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu juzi nilikupeleka kupima damu, nesi akasoma karatasi akasema umebeba, tunaweza kwenda, mwingine aingie. Sikuinuka. Nilimwambia anieleze nimebeba nini, au mtoto kabeba nini, na kitamfanya nini. Aliniita msumbufu. Nikabaki pale mpaka akaeleza: huumwi, ila unabeba nusu ya kile kilichomuua mama yako mdogo, na siku ukitaka kuzaa na mtu, naye apimwe kwanza. Basi umeshajua.

Kwa hiyo usikubali mtu akupe neno usilolielewa kisha akaondoka. Mshike. Akuone mjinga, akuone msumbufu, shauri yake. Na ukisoma ukafika mbali, ukawa wewe ndiye mwenye majibu mkononi, usiseme nimeshawaambia mpaka aliye mbele yako akurudishie kwa maneno yake mwenyewe ulichomwambia. Na mwanamke akisema jambo, lipime papo hapo kama ni kweli au si kweli, usiende kumtafuta mwanaume wa kulirudia. Babu yako hajamaliza kulijutia hilo, na mimi sijamaliza kumkasirikia.

Mungu akupe mwili usiouma, akupe na mdomo usionyamazishwa. Akuzeeshe, mwanangu.