Kikombe Kilichofunikwa Kitambaa

Nilipeleka suruali ipunguzwe kwa mama mmoja wa mtaa wa Daraja Mbili, fundi aliyeanza na cherehani moja. Sasa ana mafundi ishirini. Nilimkuta kijana mmoja, mshauri wa biashara, akimuuliza: "Mama, rejesta ya wafanyakazi iko wapi?"

Mama akaonyesha ukuta kwa kidevu. Kulikuwa na misumari ishirini ya kutundikia vikombe, kila mmoja na jina la fundi. Mafundi walikuwa wakinywa chai, kikombe kimoja tu kikining'inia, kimefunikwa kitambaa.

"Saa ya chai, kikombe kikibaki ukutani, mwenyewe hajaja."

"Na hiki cha kitambaa?"

"Cha dada wa Nkoaranga. Amejifungua. Hakiguswi mpaka arudi."

Ofisini kwetu kuna idara nzima ya rasilimali watu. Niliugua wiki mbili, nikarudi nikakuta kiti changu kina mtu.