Pindo la Shati Ukutani

Delmar Kuhns alikuwa akirudi nyumbani saa nane mchana, mgongo umekufa ganzi kwa kuendesha lori la maziwa tangu alfajiri, na kabla hata ya kuvua viatu alikuwa akichukua upinde na kwenda nyuma ya banda kulipiga robota la nyasi kavu lililokuwa hatua tatu mbele yake. Hatua tatu! Tena macho ameyafumba. Kiangazi kizima, kila siku mishale thelathini, bila shabaha wala duara la kulenga, nyasi tu. Avute, mkono ufike pembeni mwa mdomo, atulie, ahesabu hadi nne, ndipo aachie.

"Delmar, hilo robota limekukosea nini?" mkewe, Arlene, alimwuliza siku moja kutoka dirisha la jikoni. "Angalau fumbua macho ulione likifa."

"Nikifumbua, vidole vinaona."

"Vidole vina macho siku hizi? Hebu njoo ule, chakula kinapoa."

Hakwenda. Alikuwa amebakiza mishale kumi na mmoja, na bega lilikuwa likimwuma kama jino bovu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Alikuwa na ugonjwa ambao wapiga upinde wote wanaujua, ingawa hawapendi kuutaja, kama vile kuutaja ni kuukaribisha. Mtu hupiga vizuri miaka thelathini, halafu siku moja akimwona mnyama mbele yake vidole vinaachia uzi kabla mkono haujafika mahali pake. Hakuviamuru. Na kadiri anavyojikaza ndivyo vinavyowahi. Wenye pinde za kisasa zenye magurudumu wana vifyatulio vya kuwasaidia, lakini katika kibanda cha kuwindia cha kina Sechrist, ukoo wa mkewe, upinde wa namna hiyo haupiti mlangoni. Dawa iliyobaki ni moja, nayo inachosha kuliko ugonjwa: nyasi, hatua tatu, macho yamefumbwa, mpaka vidole visahau vinachokiogopa.

Lakini si ugonjwa uliomtoa Delmar jasho namna ile. Ni kitambaa.

Kibanda hicho cha mbao kiko juu kwenye vilima vya Pennsylvania, na marehemu baba yake Arlene ndiye aliyekijenga. Ukuta ulio nyuma ya jiko la kuni umejaa vipande vya mashati, drafti nyekundu, drafti za kijani, kila kimoja na jina na tarehe kwa wino. Anayemlenga kulungu kwa mshale akamkosa, hukatwa pindo la shati na likapigiliwa pale. Hakuna wa kusamehewa. Mzee Sechrist mwenyewe alikuwa na vipande saba, na mchungaji wa kanisa lao ana viwili. Kukosa ni kicheko.

Sheria ya pili ya mzee haikuwa na kitambaa wala kicheko. Anayemjeruhi kulungu aseme palepale. Wote wataweka pinde chini na kumtafuta mnyama siku mbili nzima. Asipopatikana, aliyempiga atatundika upinde wake msimu mmoja.

Sasa, Oktoba ya mwaka uliotangulia, saa mbili asubuhi, kulungu jike alimpitia Delmar hatua kumi na tano. Alivuta nusu, vidole vikaachia. Mshale ukampata mnyama tumboni, mahali pa kufa polepole. Delmar alifuata damu hadi kijitoni, na ng'ambo ya pili hakuona kitu. Alitafuta peke yake, kwa magoti, saa mbili nzima. Aliporudi kibandani kwenda kuomba msaada, amelowa hadi kiunoni, alimkuta shemeji yake Vernon, kaka yake Arlene, amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, wenzake wanne wakicheza karata ndani.

"Shemeji! Umekosa?"

Swali lilikuja na jibu lake mkononi. Delmar alikuwa amechoka, na neno lilikuwa jepesi.

"Nimekosa," akasema.

Wakacheka wote. Clair Bingaman, kinyozi mstaafu ambaye ndiye mwenye mkasi, alimkata pindo huku akimwuliza kama angependa na masharubu yapunguzwe. Delmar naye alicheka. Nyumbani, Arlene aliposhona upya ukingo wa shati lile, alicheka mpaka akakaa chini. Ila kabla ya kurudi nyumbani, siku mbili zilizofuata Delmar alikuwa amekwenda tena kijitoni, wenzake wakidhani anawinda, na siku hiyo ya pili aliwaona kunguru wakizunguka juu ya misonobari, akajua kabla hajafika. Jike alikuwa amelala mita mia mbili tu kutoka majini. Mbweha walikuwa wameshamaliza.

Mita mia mbili! Wanaume watano wangemkuta kabla ya chakula cha mchana. Hilo ndilo lililomla Delmar mwaka mzima akiwa ameshika usukani. Kupiga vibaya kunaweza kumpata yeyote. Yeye alipiga vibaya, kisha akawaacha watu watano wacheze karata.

Basi akajiwekea mapatano, kama watu waliochoka wanavyofanya. Mwaka huu vidole vikingoja mbele ya kulungu aliye hai, atajua kwamba yale ya jike yalikuwa ugonjwa, ugonjwa umepona, na hakuna haja ya kumwambia mtu. Visipongoja, atasema yote na kuacha upinde.

Oktoba ikafika. Asubuhi ya pili alikuwa ameketi chini ya mwaloni, makalio yamekufa kwa baridi, alipotokea dume mwenye pembe nzuri akiokota njugu za mwaloni moja moja. Hatua kumi na nane. Dume akageuza kichwa, na Delmar akavuta. Bega likalia. Mkono ukafika pembeni mwa mdomo, ukakaa pale. Moja. Mbili. Vidole vilikuwa vinangoja. Tatu. Nne. Akaachia.

Dume alisikia mlio wa uzi akajibana chini kabla ya kuruka, na mshale ukapita juu ya mgongo wake ukachoma udongo. Delmar alikwenda kuuokota. Ulikuwa mkavu, manyoya masafi, hauna damu wala unywele mmoja. Hata hivyo alizitafuta nyayo za mnyama kwa saa mbili nzima, akainamia kila jani, mpaka alipohakikisha kwamba yule dume hakuguswa. Kisha akakaa juu ya gogo, na uchovu wa kiangazi kizima ukamshukia. Alikuwa amepona. Alingoja furaha ije, haikuja.

"Umekosa?" Vernon aliuliza, mlangoni palepale.

"Nimekosa."

"Mteja wangu karudi!" Clair akainuka na mkasi. "Haya mzee, leo tunakata mtindo gani? Wa bwana harusi?"

"Mkatie mpaka kwapani," akasema Vernon. "Huyu anakosa kila mwaka, shati zima litakwisha, bora tumalize leo."

Wakacheka. Clair alilichomoa pindo kutoka kwenye suruali, akalinyoosha, mkasi ukafunguka. Delmar akakiona kitambaa chake cha mwaka jana ukutani, drafti ya bluu, jina lake, tarehe. Hiki cha leo kingepigiliwa pembeni yake, na hakuna ambaye angevitofautisha.

"Ngoja, Clair."

Alikwenda ukutani akang'oa msumari kwa vidole. Ulikuwa haujaingia sana.

"Hiki si cha hapa," akasema. "Yule jike wa mwaka jana sikumkosa. Nilimpiga tumboni."

Clair alianza kucheka, kisha akaona uso wa Vernon, akaacha.

"Ulimpoteza wapi?" Vernon aliuliza.

"Kijitoni."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi nilikuwa nimesharudi hapa."

"Saa nne." Vernon aliweka kikombe chini. "Tulikuwa tumekaa hapahapa, Delmar. Watano. Tunacheza karata."

"Najua."

"Tungempata."

"Alikuwa mita mia mbili, shemeji. Nilimkuta siku ya tatu. Najua."

Laiti Vernon angefoka. Delmar alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa matusi angepata pa kujishikiza. Lakini Vernon alichukua kile kitambaa, akafungua mlango wa jiko, akakitia motoni, akaufunga.

"Upinde utautundika," akasema. "Msimu mzima unaokuja. Leo nenda nyumbani."

"Na hili la leo?" Clair aliuliza kwa sauti ya chini. Bado alikuwa ameshika mkasi.

"Leo hakuna wa kukatwa."

Clair akaurudisha mkasi mahali pake. Delmar alibaki amesimama, pindo la shati linaning'inia nje, zima, na kitu alichokitaka kuliko kulungu yeyote wa vilima vile ni mtu mmoja alikate. Mwishowe alilichomeka mwenyewe ndani ya suruali, akachukua upinde na podo lake, akaondoka.

Arlene alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Shati zima!" akasema alipomwona mlangoni. "Kwa hiyo hukukosa. Haya, yuko wapi huyo kulungu wako, au amekuja kwa miguu?"

"Nilikosa. Hawakukata."

Arlene alikulia katika kibanda kile, akibeba kuni za baba yake na kuzisikiliza sheria zake. Aliweka kisu juu ya meza. Hakuuliza kwa nini hawakukata.

"Ulimjeruhi mwaka gani?" aliuliza.

"Mwaka jana."

Aliyakusanya maganda ya viazi mkononi.

"Lile shati nililishona kwa mikono yangu," akasema. "Nikakucheka mpaka nikakaa chini. Na wewe ukacheka na mimi."

"Nilicheka."

"Ulikuwa umeshamwona mnyama mwenyewe?"

"Nilikuwa nimeshamwona."

Delmar aliutoa uzi kwenye upinde, akauzungusha mkononi, akawa hajui auweke wapi. Arlene alinyoosha mkono, akauchukua, akautia ndani ya droo ya sindano na vifungo, akaifunga.

"Ungenipigia simu siku ile," akasema. "Hata kama ulimwonea aibu Vernon. Ningekuja kumtafuta kulungu na mimi."