Koti la Baba Lililofumuliwa

Nakumbuka Jumatatu moja kule ughaibuni, mtaa wa Alief, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipokuwa na miaka ishirini na tano na nikidhani kitu kipya hakiwezi kuwa na kasoro. Jumamosi ya wiki ile nilikuwa naoa. Mama alikuwa anakuja kutoka Mombasa, na alikuwa ameniomba jambo moja tu: siku ya nikaha, juu ya kanzu, nivae koti la marehemu baba, lile alilomuolea yeye, nami nikasafiri nalo.

Mwanangu, sitakuficha, koti lile nililionea haya. Lilikuwa la rangi ya kahawa, mabega yamepauka, na mgongoni lilinibana. Mimi nilikuwa dereva wa gari la mizigo, na kila nikilipwa nilipitia dukani nikanunua nguo rahisi rahisi, nikazivaa mara mbili tatu, nikazitupa. Basi nikanunua koti jipya jeusi. La baba nikalibeba ili nikalitie kwenye sanduku la kukusanyia nguo kuukuu, pale tulipokuwa tukiegesha magari. Mama nitamwambia nini? Nilijiambia nitajua akifika.

Kwenye ngazi nikakutana na jirani yetu Bi Rukia, mama wa Kilamu aliyekuwa akishona nyumbani kwake.

"Wapeleka wapi hilo?"

"Kutupa, Bi Rukia. Limechakaa."

"Nipe mimi basi. Sanduku halitanuna."

Nikampa, nikashukuru kupunguziwa safari.

Alhamisi nikavaa koti jipya mbele ya kioo. Nikainua mikono kama mtu anayeomba dua, kwa kuwa ndivyo nitakavyofanya msikitini mbele ya watu wote. Kwapa likapasuka, tena mpasuko mrefu. Nikakimbilia kwa Bi Rukia. Akaligeuza ndani nje, akanionyesha mshono.

"Tazama mwenyewe. Kitambaa wamekikata hadi kwenye uzi. Nikishona tena nitavuta wapi?"

"Basi nirudishie la baba."

Akanielekeza kwa kidole. Koti la baba lilikuwa vipande vipande juu ya mkeka: mikono huku, mgongo kule, bitana kando.

"Bi Rukia, umeliua! Mama anafika kesho!"

"Sijaliua, nimelifumua. Keti, na uache kupiga kelele kama bibi harusi."

Akaniwekea kipande cha mgongo mapajani. Ndani ya mshono, fundi wa zamani alikuwa amekunja kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili. Pale jua halikufika, rangi ilikuwa mbichi kama siku liliposhonwa. Kando yake kulikuwa na mstari wa matundu madogo ya sindano.

"Hapa liliwahi kuachiwa, likapanuliwa," akasema. "Babako naye alinenepa baada ya harusi. Na bado kimebaki cha kukutosha wewe."

Kitu nilichokwenda kutupa kilikuwa kimeniwekea nafasi kabla sijazaliwa.

Siku ile aliniweka kazini. Hadi usiku nilichomoa nyuzi kuukuu kwa sindano na kupiga pasi vipande. Yeye aligeuza kitambaa, upande uliopauka ukaingia ndani, akaachia mishono na kushona upya. Ijumaa nilikwenda kumpokea mama uwanja wa ndege nikiwa na usingizi na vidole vilivyochomwa na sindano.

Jumamosi, kabla hatujatoka, mama alinizunguka, akapitisha kiganja mgongoni mwangu.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikimpiga kofi akichelewa kula," akasema, akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Msikitini niliinua mikono yote miwili, na mshono haukulia.

Leo naona mifuko ya nguo mnayoleta nyumbani, mwanangu, na mifuko mnayotoa. Sikukatazi kununua. Ninachokuomba ni hiki: kabla ya kutupa vazi, ligeuze, utazame mishono yake. Fumua kwanza, osha, piga pasi, ndipo uone kinachofaa kukatwa na kinachofaa kubaki. Ukinunua, nunua lenye kitambaa kilichokunjwa ndani, ili atakayekuja baada yako apate pa kuachia. Usione haya kumwendea anayejua sindano. Kaa naye, ujifunze.

Koti liko kabatini. Siku yako ikifika, tutalifumua pamoja. Mungu akujaalie mikono yenye subira, akuvishe stara yake, na akupe watoto watakaokuta umewaachia nafasi.